Herufi za Kiarabu zinatoka zimekatika na kugeuka kwenye vyeti vya madrasa, naomba msaada wakuu

stesheneri_tanga:

Wakuu habari za saa hizi. Nina kaduka kangu ka stesheneri hapa Tanga, kopi, lamineti, kadi za harusi, vyeti, mambo hayo hayo. Kuna madrasa moja ya mtaani wana mahafali Jumapili ya wiki ijayo wakanipa kazi ya vyeti 140, juu kuwe na bismillahi, chini yake neno شهادة kwa maandishi makubwa, katikati jina la mwanafunzi kwa Kiarabu na kwa herufi za kawaida, halafu chini tarehe ya Hijria na ya Miladia. Nikaona kazi ndogo hii, tempuleti ya vyeti ninayo, ni kubadilisha majina tu.

Sasa programu ninayodizainia ni ya kitambo, ya mwaka 2005 huko, na laptop yenyewe ni ya GB 2 za RAM ina Windows 7, msinicheke. Nikaandika majina kwenye Notepad yakakaa vizuri kabisa, nikakopi nikapesti kwenye programu, wee! Kila herufi imesimama peke yake kama watu waliogombana, halafu zinaanzia kushoto. Yaani محمد mimu ya kwanza iko kushoto kabisa na dali iko mwisho kulia, mtu akisoma kutoka kulia anasoma dali mimu hee mimu. Nimebadilisha fonti kama ishirini hivi, wapi.

Nikagugo nikapata tovuti fulani unapesti neno lako inakugeuzia, unakopi jibu lake unapeleka kwenye programu. Nikafanya hivyo, likatoka safi! Nikaprinti sampuli kwenye printa yangu hapa dukani, ustadhi akaja akasoma akasema mashaallah. Mimi nikafurahi nikatuma faili kwa jamaa wa mtambo mkubwa wanitolee kwenye kadi ngumu ya gramu 250 maana printa yangu haibebi. Jamaa wakafungua kwa toleo jipya la programu ile ile, hawajui Kiarabu wala hawakuniuliza, wakatoa shiti 60 ndo nikafika. Ndugu zangu zile herufi ZIMEGEUKA TENA. Na safari hii siyo zimeachana, zina mikia mikia inayoangalia nje, hata sijui nielezeje. Ustadhi alipoziona akauliza "hii lugha gani hii?"

Hasara ya kadi 60 ni yangu, sawa nimekubali. Ninachouliza, kwa nini kwangu ilikaa sawa na kwao ikaharibika wakati faili ni moja? Na nifanyeje zibaki sawa popote zitakapofunguliwa? Na hizo 60 zina bismillahi juu, siwezi kuzitupa jalalani hivi hivi. Msaada wakuu, siku zinakwenda.

unguja_printa:

Pole sana ndugu yangu, hilo limetukuta wengi huku Unguja maana kila siku ni kadi za maulidi na vyeti vya chuo. Seyyid Barghash, aliyetawala 1870 mpaka 1888, alikuwa na mtambo wake wa kuchapa Kiarabu hapa Unguja na ulikuwa unachapa bila matatizo, sisi tuna kompyuta tunahangaika na neno محمد.

Tatizo ni kwamba programu yako haijui alifu kwa kijiti. Na kutojua kwake ni kwa aina mbili, watu wengi wanazichanganya ndo maana wanazunguka. Ya kwanza ni mwelekeo. Kwenye faili herufi zinahifadhiwa kwa mpangilio wa kusoma, mimu ya kwanza ndo ya kwanza, na ni kazi ya programu kujua kwamba hii ni ya kulia kwenda kushoto iipange hivyo. Yako inapanga kila kitu kushoto kwenda kulia kama Kiingereza. Ya pili ni kushikana. Unapobonyeza mimu kwenye kibodi inaingia mimu moja tu, lakini mimu ina sura nne, ya mwanzo, ya katikati, ya mwisho na ya peke yake, na programu inatakiwa iangalie jirani zake ichague sura. Yako haiangalii jirani, inachukua ile ya peke yake kila mahali. Angalia hata hilo neno lako شهادة, utaona dali na ile te ya mwisho zimekaa sawa hata kwenye programu mbovu, kwa sababu alifu na dali kwa kawaida hazimpi mkono anayefuata. Sasa mtu asiyejua anaona herufi mbili ziko sawa anadhani tatizo ni fonti. Fonti haina kosa hapo.

Ile tovuti ilichofanya ni ujanja. Kwenye Unicode, ule mpango wa kompyuta unaoipa kila herufi namba yake, kuna sehemu zimewekwa zile sura tayari zimeshachongwa, mimu ya mwanzo ina namba yake, mimu ya katikati namba yake. Tovuti inabadilisha herufi zako kuwa hizo sura, halafu inazipindua kinyumenyume, ili programu isiyojua kitu ikizipanga kushoto kwenda kulia zitokee sawa. Umeidanganya programu na imekubali. Sasa jamaa wa mtambo wana toleo jipya linalojua Kiarabu, likaona herufi za Kiarabu, likasema hizi zinatoka kulia, likazipindua LENYEWE. Kinyume cha kinyume. Na kwa vile sura zilishachongwa, mimu ya mwanzo ikaenda kukaa mwisho huku mkono wake umenyooka unapapasa hewa. Ndo hiyo mikia uliyoiona.

Kwa hiyo wewe usiwapelekee watu herufi, wapelekee mchoro. Andika Kiarabu kwenye kitu kinachokijua, kigeuze kuwa mistari, halafu ndo ulete kwenye tempuleti yako. Mimi natumia Inkscape, programu ya kuchora, ni ya bure, zile 0.92 zinakubali Windows 7. Pesti neno, chagua fonti ya Amiri au Scheherazade, bonyeza Shift+Ctrl+C linakuwa njia siyo maandishi tena, sevu kama faili la mchoro la EPS au EMF, programu yako ya 2005 itaifungua bila hata kujua ni Kiarabu. Popote ukipeleka halipinduki maana hakuna herufi hapo, kuna umbo tu. Ukishafanya hivyo huwezi kusahihisha tena herufi moja, kwa hiyo tunza na ile yenye maandishi pembeni.

mkali_wa_grafiki:

Wakuu mnazunguka sana. Hamia toleo jipya mchezo umeisha. Photoshop tangu CS6 ya 2012 ina sehemu ya Kiarabu, unaingia Preferences, Type, unachagua Middle Eastern unafunga unafungua. InDesign nayo ina World-Ready Composer. 2005 ni zamani mno bana, kuna watu wamezaliwa baada ya hapo wameshaoa.

stesheneri_tanga:

Mkuu GB 2 za RAM nimesema. Hiyo ikifunguka na mimi nimeshazeeka. Halafu ni ya kulipia kila mwezi, stesheneri ya kopi shilingi mia?

@unguja_printa asante sana bro nimeelewa sasa kwa mara ya kwanza, maana kila mtu alikuwa ananiambia "weka fonti ya Kiarabu". Ila majina ni 140. Nikiandika moja moja kwenye Inkscape nigeuze nisevu nilete, mahafali yatapita.

dev_wa_nai:

Boss, kwa majina 140 usiguse hiyo kitu moja moja, utaumwa na mkono bure. Mimi niko Nairobi nafanya mambo ya sistimu za shule, na shida yako nimeipata kwa upande wa kodi za programu (code), ni ile ile tu.

Njia ya rahisi kwako: LibreOffice, programu za ofisi kama Word. Ni ya bure, matoleo ya nyuma kidogo yanakubali Windows 7, na inajua Kiarabu yenyewe. Ndani yake kuna HarfBuzz, ndiyo injini ya kushikanisha herufi inayotumika karibu kila mahali siku hizi, na aliyeianzisha ni Behdad Esfahbod, jamaa wa kutoka Iran. Jina lenyewe ni la Kiajemi, harf ni hiyo hiyo "herufi" yetu, na baz ni wazi. Nilipojua hiyo nilicheka sana, kumbe nimekuwa nikiandika Kiswahili kwa kodi miaka yote.

Sasa fanya hivi. Dizaini yako ya cheti, nakshi, bodaa, mhuri, itoe kama picha bila majina, A4 kwa nukta 300 kwa inchi ni pikseli 2480 kwa 3508, iweke kama picha ya nyuma ya ukurasa kwenye Writer, ile sehemu ya LibreOffice ya kuandikia. Ingia Tools, Options, Language Settings, washa ile Complex text layout, chagua Arabic. Majina yako yaweke kwenye jedwali, safu moja Kiarabu, safu moja herufi za kawaida, kisha tumia mail merge, kila jina litaingia kwenye cheti chake. Kwenye mstari wa jina la Kiarabu bonyeza Ctrl na Shift ya KULIA ili aya igeuke. Ukimaliza toa PDF moja ya kurasa 140. PDF inabeba fonti ndani na herufi zimeshapangwa mahali pake, kwa hiyo mtu wa mtambo anaiprinti tu kama ilivyo. Lakini mwambie ASIIFUNGUE kwenye programu ya kudizaini ili "aiseti vizuri", hapo ndo wanaharibu, ikifunguliwa kwa kuhariri inaweza kuyageuza maandishi upya.

Na kwa wenye kutumia kodi wanaosoma hii, kama unatoa PDF na ReportLab ya Python haijui kulia kwenda kushoto yenyewe. Unatumia arabic_reshaper ikuchongee sura, halafu get_display ya python-bidi ikupindulie, ni ujanja ule ule wa tovuti ya huyu kaka lakini kwa mpangilio. Kuna mitego kadhaa hapo. arabic_reshaper bila kuambiwa inafuta irabu zote, vile vialama vya juu na chini ya herufi, fataha kasra zote zinaenda, kwa jina la mtu sawa, kwa aya ni balaa, kwa hiyo zima delete_harakat. Ya pili ni mistari. Ukipindua aya ndefu halafu ukaiacha iji-wrap yenyewe kwenye boksi, maneno ya mwanzo yatakuwa mstari wa CHINI, mtu anasoma hadithi kutoka mwisho. Kata mistari kwanza, halafu pindua kila mstari kivyake. Hii ilinikula siku mbili nzima kwa ripoti za shule, kila mstari ukiangalia peke yake uko sawa kabisa, lakini mwalimu anasema haieleweki. Kwa PHP, TCPDF ina setRTL inafanya kazi hiyo, FPDF ya zamani haina. Na kama ni picha unatengeneza na Pillow iliyo na Raqm, usichonge kabla, Raqm inachonga yenyewe, ukichonga mara mbili unarudi kwa mikia.

Kiebrania kina afadhali, herufi hazishikani, ni kupindua tu.

mvita_kibokoni:

Assalaam alaykum vijana. Nimesoma nimefurahi, japo mambo ya Python siyajui. Mimi ni mtu mzima niko Mombasa, nimefundisha chuo miaka mingi na kazi ya kusahihisha kabla ya kuchapwa naifanya mpaka leo kwa miwani mbili. Wallahi makosa nayaona kila mwezi.

Mwanangu wa Tanga, hilo la kwanza ni irabu. Kadi zako hizo bismillahi iliandikwa kwa irabu? Kama ndiyo, na ukaipitisha kwenye hiyo tovuti ya kupindua, iangalie vizuri hata ile sampuli iliyokubaliwa. Irabu kwenye kompyuta huja BAADA ya herufi yake. Ukipindua kibubusa, irabu inatangulia, kwa hiyo kasra ya bee inakwenda kumpanda jirani. Mtu akitazama kwa mbali aona nukta na vistari viko, kumbe vimehama nyumba. Kwa jina la mtu ni aibu, kwa neno la Mwenyezi Mungu ni jambo zito, hugeuza maana.

Kwa bismillahi wala usiiandike. Iko herufi moja nzima imeshachorwa, hii hapa ﷽, na ya kumswalia Mtume ni hii ﷺ. Ni alama moja kwa moja, haina wa kushikana naye wala cha kupinduliwa, hata programu isiyojua kitu itaitoa ilimradi fonti inayo. Wajukuu ndio walionionyesha.

La pili ni majina yetu. Nina hakika kwenye hao 140 una kina Pili na kina Chausiku, au kina Chande. Waarabu hawana P wala CH, lakini sisi Waswahili tuliandika lugha yetu kwa herufi hizi karne na karne kabla ya hizi za Kizungu, na tukazipata پ na چ zenye nukta tatu. Hizi tovuti nyingi zinajua za Kiarabu tu. Zikikutana na پ zinaiacha imesimama peke yake katikati ya neno, au fonti inatoa kisanduku kitupu. Ndipo mtu wa stesheneri anaamua kuandika بيلي, na Pili wa watu anahitimu akiitwa Bili. Msimfanyie mtoto hivyo.

La tatu, hizo 60. Usizitupe, wala usizifanye karatasi za kufungia. Wanazuoni wamesema zichomwe, au zizikwe mahali pasipokanyagwa. Ukiwa na mashine ya kukata karatasi, ikate mpaka pasisomeke herufi. Lakini mpe ustadhi wa madrasa azishughulikie, yeye ndiye anayejua desturi ya hapo kwenu.

unguja_printa:

Mzee shikamoo. Hilo la P na CH nimelikuta sana nilikuwa sijui sababu. Nimekwenda kuangalia sasa hivi, zile sura zilizochongwa ziko sehemu mbili kwenye Unicode, za Kiarabu zinaanzia FE70, lakini ya پ iko FB56 na ya چ FB7A, sehemu nyingine kabisa. Kwa hiyo aliyetengeneza tovuti kwa kuangalia ile ya FE70 peke yake amewaacha kina Pili nje.

mvita_kibokoni:

Marahaba mwanangu. Ndivyo, hata kwenye kompyuta tunawekwa mtaa wa pili.

mswahili_muscat:

Salaam kutoka Muscat jamani. Mimi mkasa wangu ni risiti siyo vyeti lakini ni ndugu moja. Hapa risiti zinaandikwa Kiarabu na Kiingereza, na tangu kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 5 ilipoanza Aprili 2021 kila kaduka kanataka risiti yenye maelezo yaliyokamilika. Nina jamaa ana mgahawa mdogo, chapati, mishikaki, urojo wetu, akanunua printa ndogo ya risiti ya bei chee, akaniambia wewe unajua kompyuta njoo uunganishe.

Nikatuma neno شكرا. Ikatoa KICHINA. Siyo masihara, herufi za Kichina kabisa, wateja wakaanza kupiga picha. Kumbe printa hizi nyingi zikiwashwa zinakuwa kwenye hali ya Kichina, kila baiti mbili zinaliwa kama herufi moja ya Kichina. Unatakiwa uitumie amri ya kuitoa huko, ni baiti mbili 1C na 2E, halafu ndo uchague jedwali la herufi la Kiarabu. Nikafanya hivyo. Ikatoa Kiarabu, zimekatika na zimegeuka, yaani kama ya kaka wa Tanga. Printa haina akili yoyote, inachapa unachoipa kwa mpangilio unaoipa. Jedwali la 864 lina sura zilizochongwa kwa hiyo ukichonga na kupindua mwenyewe inakubali, lakini sura nyingine hazimo na herufi zenyewe zinatoka nyembamba mbaya, na namba za bei zilinigeuka nikapindua mstari mzima pamoja na bei. Riyali 1.250 ikawa 052.1. Mteja mmoja akasema leo mnanilipa nyinyi?

Namba ndo mtego mkubwa wa kupindua kwa mkono, nawaambia. Kiarabu kinatoka kulia lakini namba ndani yake inasomwa kushoto kwenda kulia kama kawaida. Ukipindua kila kitu umepindua na namba.

Mwisho nikaachana na herufi. Nachora risiti nzima kama picha kwenye kompyuta, nyeusi na nyeupe, upana nukta 576 kwa karatasi ya milimita 80, 384 kwa ile ndogo ya 58, natuma picha. Inachelewa kidogo kutoka, labda sekunde, lakini inatoka kama ilivyoandikwa, na jina la mgahawa nimeliweka kwa hati nzuri ya kupambia. Tangu hapo hakuna simu ya usiku.

stesheneri_tanga:

Wakuu narudi na mrejesho. Kwanza mzee shikamoo na Mungu akuweke, nimekwenda kuangalia ile sampuli "iliyokubaliwa" kwa kioo cha kukuzia, na kweli kasra ya bee iko chini ya sini. Ustadhi mwenyewe aliipitisha, nilipomwonyesha akanyamaza kidogo akasema "macho yalishaizoea nikaisoma kwa kichwa". Kwa hiyo hata zisingegeuka zingekuwa na kosa.

Nimeinstoo LibreOffice, imechukua kama dakika ishirini kufunguka mara ya kwanza (natania, tatu). Nimeweka picha ya nyuma, nimeweka ﷽ juu kubwa, fonti ya Amiri, imependeza kuliko ile niliyokuwa nachora. Mail merge imenisumbua usiku mmoja kwa sababu jedwali lilikuwa na mstari mtupu katikati, cheti namba 58 kikawa hakina jina. Nimepata akina Pili wawili, Chausiku mmoja, Mapenzi mmoja, wote wametoka na nukta zao tatu.

Kimebaki kitu kimoja kinanitesa. Tarehe ya Hijria nimeandika 15-8-1446 baada ya neno la Kiarabu, kwenye skrini inakuja 1446-8-15. Nimeigeuza kwa mkono ikakaa sawa, halafu nikakumbuka mikia nikaogopa. Niache hivyo?

dev_wa_nai:

USIIACHE hivyo, umeidanganya tena, kesho ukipesti mahali pengine inageuka. Shida ni hicho kistari. Ukiandika namba baada ya herufi za Kiarabu, kwa sheria za Unicode kistari katikati ya namba hakizishiki pamoja, kwa hiyo kila namba inahesabiwa kivyake na zinapangwa kutoka kulia. Mkwaju / unazishika. Andika 15/8/1446 kawaida, uone.

Ama andika jina la mwezi, ١٥ شعبان ١٤٤٦, hiyo haina utata kwa mtu wala kwa mashine, na kwa cheti inakaa na heshima zaidi.

stesheneri_tanga:

Nimeweka jina la mwezi. Imekaa!!

PDF nimepeleka kwa wale wale wa mtambo, safari hii nimesimama hapo hapo nyuma ya kijana. Akataka kuifungua kwenye programu yake "arekebishe marjini za pembeni", nikamshika mkono. Zimetoka 140, nimezihesabu, na ustadhi amezisoma moja moja kwa sauti dukani kwangu mpaka wateja wa kopi wakaanza kuitikia mashaallah. Amekuta kosa moja, Swalehe nimemwandika kwa sini badala ya swadi, hilo ni langu siyo la programu, nimeitoa upya.

Zile 60 kazichukua mwenyewe, kasema watazichoma baada ya swala ya alasiri.

mkali_wa_grafiki:

Safi mkuu. Na hela?

stesheneri_tanga:

Nusu wamelipa. Nusu baada ya mahafali, inshaallah.

mvita_kibokoni:

Hiyo inshaallah ya madrasa naijua. Mfuate ustadhi siku hiyo hiyo, pilau likiwa bado la moto.